Kiini Si Nukta: Maoni Kuhusu Upimaji wa Ukiukaji wa Pariti katika Atomu

Katika vitabu vingi vya fizikia, atomu huchorwa kama duara kubwa lenye nukta nyeusi katikati. Nukta hiyo ndiyo kiini. Mwanafunzi huambiwa kwamba kiini ni kidogo mno kikilinganishwa na atomu nzima, na kwamba katika hesabu nyingi kinaweza kuchukuliwa kana kwamba hakina upana wowote. Mchoro huo unamfaa mwanagenzi, ila umeacha taathira ambayo haiondoki upesi, hata kwa waliobobea. Makala haya yanadhamiria kuipinga nukta hiyo. Ninashikilia kwamba katika jamii ya majaribio yanayoitwa vipimo vya ukiukaji wa pariti katika atomu, ni muhali kuitenga sheria inayopimwa na umbo la kiini ambamo inapimwa. Tokeo linalotangazwa bila ya kulitaja umbo hilo ni tokeo nusu. Nimechagua kuijenga hoja hii mbele ya wapenzi wa Kiswahili kwa sababu sehemu ya tatizo ni ya lugha, nayo lugha yetu ina la kusema.

Tuanze na neno lenyewe. Kiini cha yai kina upana, kina umbo, na kina utando unaokizunguka, ukikitoboa hukimwaga. Kiini cha mti hutofautiana na gamba lake kwa rangi na kwa ugumu. Hata kiini cha hadithi, kama wanafunzi wa fasihi wanavyojua, ni jambo lenye sehemu zake ndani. Hakuna matumizi ya neno hili yanayoashiria nukta tupu. Kwa hiyo walioliteua neno kiini kuwa istilahi ya kitovu cha atomu walitenda vyema kuliko wachoraji wa vitabu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilifanya kazi kubwa ya kuorodhesha istilahi za sayansi. Kilichobaki kwetu ni kuzitumia istilahi za aina hiyo katika hoja, maana istilahi isiyobishaniwa hubaki ndani ya kamusi kama nguo ya sanduku.

Pariti ni nini basi? Chukua tukio lolote la kimaumbile ulitazame katika kioo. Mkono wa kulia huonekana kuwa wa kushoto, na parafujo inayokazwa kwa kuzungushwa upande mmoja huonekana ikikazwa kwa upande wa pili. Je, tukio linaloonekana ndani ya kioo lingeweza kutokea katika ulimwengu wetu pia, kwa kadiri ile ile? Likiweza, pariti imehifadhiwa. Lisipoweza, au likitokea kwa kadiri tofauti, pariti imekiukwa. Wanafizikia waliamini kwa muda mrefu kwamba maumbile hayatofautishi kulia na kushoto. Mwaka 1956 T. D. Lee na C. N. Yang walionyesha kwamba imani hiyo haikuwa imejaribiwa kwa upande wa kani dhaifu, yaani kani inayosababisha aina fulani ya uozo wa viini. Bi. Chien-Shiung Wu na wenzake wakaijaribu kwa kobalti-60 huko Washington, na mapema mwaka 1957 dunia ikapata jibu: kani dhaifu inatofautisha. Lee na Yang walipewa Tuzo ya Nobel mwaka huo huo. Wu hakupewa, jambo ambalo hadi leo halijapata utetezi wa kuridhisha. Waswahili, kwa upande wao, hawakuwahi kuichukulia mikono miwili kuwa sawa: mmoja waliuita wa kulia, au wa kuume, na mwingine wa kushoto, au wa kuke. Sidai kwamba wahenga walitabiri fizikia. Nasema tu kwamba habari za mwaka 1957 zisingewashtua kwa kiasi kile.

Uozo wa viini ni jambo moja. Atomu iliyotulia, isiyooza, ni jambo jingine. Mwaka 1959 Zel'dovich wa Urusi alidokeza kwamba kani dhaifu ingeweza kujidhihirisha hata kati ya elektroni na kiini katika atomu ya kawaida, lakini athari yake ilielekea kuwa ndogo mno isiweze kupimika. Mambo yalibadilika mwaka 1974, pale Marie-Anne Bouchiat na Claude Bouchiat wa Paris walipoonyesha kwamba athari hiyo hukua kwa kasi kidogo kupita idadi ya protoni ikizidishwa kwa yenyewe mara tatu. Ukipata atomu yenye protoni maradufu, athari huwa zaidi ya mara nane. Kumbe dawa ni kutafuta atomu nzito. Majaribio ya mwanzo ya bismuthi yalileta utata, kwani matokeo ya baadhi ya maabara hayakupatana na nadharia, hadi Barkov na Zolotorev wa Novosibirsk walipotangaza mwaka 1978 kwamba wameiona athari. Baada ya hapo vikaja vipimo vya thaliamu, vya risasi, na juu ya vyote kile cha sesiamu kilichotolewa mwaka 1997 na kundi la Carl Wieman huko Boulder, Colorado. Walirusha mkondo wa atomu za sesiamu, wakazimulika kwa leza ndani ya uga wa umeme, wakageuza kulia kuwa kushoto kwa njia kadhaa, na kuangalia kama mwitiko wa atomu ungebadilika. Ulibadilika kwa sehemu chache tu kwa kila milioni. Badiliko hilo dogo walilipima kwa ukingo wa shaka wa asilimia 0.35.

Hapa ndipo kiini kinapoingia, na ningemwomba msomaji asiyezoea fizikia avumilie kidogo. Kani dhaifu ina masafa mafupi kupindukia, chini ya sehemu moja kwa mia ya upana wa protoni moja. Elektroni haiwezi kuihisi kani hiyo kwa mbali jinsi inavyohisi kani ya umeme. Lazima iwe ndani ya kiini. Hilo linawezekana kwa kuwa elektroni ni wimbi, na baadhi ya mawimbi yake hupenya hadi kwenye kiini chenyewe. Athari tunayoipima basi huzaliwa pale ndani, mahali ambapo elektroni na chembe za kiini zinakutana uso kwa uso.

Je, elektroni hukutana na nani humo? Kwa kani ya umeme, protoni ndiyo msemaji na nyutroni ni bubu. Kwa kani dhaifu mambo hupinduka. Kila chembe ina kile kinachoitwa chaji dhaifu: ya nyutroni ni takriban -1, na ya protoni ni takriban 0.07 tu. Sesiamu ina protoni 55 na nyutroni 78, na ukijumlisha kwa uangalifu nadharia hukupa chaji dhaifu ya takriban -73 kwa kiini kizima. Karibu sauti yote ni ya nyutroni. Na kwa sababu wimbi la elektroni halina nguvu sawa kila mahali ndani ya kiini, hutosha kujua nyutroni ni ngapi? Hapana. Ni sharti ujue zimekaa wapi.

Protoni tunajua zimekaa wapi. Tangu Robert Hofstadter alipozirusha elektroni kwenye viini huko Stanford miaka ya 1950, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1961, ramani ya protoni imekuwa ikichorwa kwa ustadi mkubwa, kwa sababu protoni hujibu zikiitwa kwa umeme. Nyutroni haziitiki. Tunachojua kwa yakini ni kwamba katika viini vizito, ambamo nyutroni huzidi protoni kwa wingi, nyutroni huelekea kutandaa nje kidogo kupita protoni. Tofauti hiyo ya mtandao ndiyo ambayo Waingereza wameipa jina la ngozi.

Hapa naomba niingilie kati kama mtu wa lugha. Tafsiri ya sisisi ingetupa "ngozi ya nyutroni", na nimesikia ikitumiwa. Naipinga. Ngozi ni kitu kilichotofautika na nyama; ina mpaka, huchunika, na hutengenezewa ngoma. Kinachozungumziwa hapa hakichuniki. Ni nyutroni zile zile zilizomo ndani, zikipungua msongamano polepole kuelekea nje na kuzipita protoni kwa umbali mdogo, pasipo mstari wowote unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Chai ya maziwa ikipoa hufanya utando juu yake. Utando huo umetokana na maziwa yale yale, ni mwembamba, na ukiutafuta ukingo wake wa chini huupati kwa urahisi. Nao utando ni kile kile tunachokikuta katika kiini cha yai. Napendekeza "utando wa nyutroni". Sibishani kwa ajili ya urembo: mwanafunzi anayewazia ngozi atadhani kwamba utando huo unaweza kuondolewa katika hesabu kwa kuukata, na ndilo kosa lile lile la nukta likirudi kwa mlango wa nyuma.

Utando huu una uzito gani katika vipimo? Kwa sesiamu, hesabu zimeonyesha kwamba hupunguza athari kwa takriban asilimia 0.2. Wapo watakaosema kwamba hicho si kitu. Nakubali kwamba ni kidogo, ila sharti kilinganishwe na ukingo wa shaka wa jaribio lenyewe, ambao ni asilimia 0.35. Kitu chenye zaidi ya nusu ya ukingo wako si cha kupuuzwa. Aidha, historia ya kipimo hiki hiki inatuonya. Mwaka 1999 Bennett na Wieman walitumia vipimo vipya kuyapunguza mashaka ya nadharia, wakapata tokeo lililoachana na utabiri kwa mara 2.5 ya ukingo wa shaka. Makala zikamiminika za kueleza chembe mpya zisizojulikana zilizosababisha tofauti hiyo. Muda haukupita mrefu ikagunduliwa kwamba masahihisho madogo yalikuwa yameachwa au kukadiriwa vibaya: mwaka 2000 Derevianko alionyesha mchango wa mwingiliano wa kisumaku kati ya elektroni zenyewe, kisha yakafuata masahihisho mengine, utando wa nyutroni ukiwa mmojawapo. Yalipohesabiwa yote, tofauti ile ikayeyuka. Chembe mpya zikarudi zilikotoka. Kila sahihisho lilikuwa chini ya asilimia moja, na kila moja peke yake lingeweza kuitwa "si kitu".

Kuna njia iliyobuniwa kuikwepa hesabu ngumu ya elektroni. Mwaka 1986 Dzuba, Flambaum na Khriplovich walipendekeza kwamba, badala ya kupima atomu moja, tupime isotopu mbili za elementi moja, kisha tugawanye tokeo la kwanza kwa la pili. Isotopu ni ndugu: zina protoni sawa na elektroni sawa, zinatofautiana kwa nyutroni tu. Hesabu ya elektroni, ikiwa ni ile ile kwa ndugu wote, hujifuta katika mgawanyo. Wazo hili ni zuri, na kwa muda lilionekana kuwa suluhisho. Lakini mwaka 1990 Fortson, Pang na Wilets walitoa makala fupi iliyotia mchanga katika pilau. Walionyesha kwamba ukishaiondoa elektroni, kiini ndicho kinachobaki kikiwa kikwazo: utando wa ndugu mmoja haulingani na wa mwingine, na shaka tuliyo nayo juu ya tofauti hiyo inaweza kuimeza faida yote iliyopatikana.

Tazama iterbiamu. Ina protoni 70, na isotopu zake za uzito wa 170, 172, 174 na 176 zina nyutroni 100, 102, 104 na 106. Tofauti nzima kati ya ndugu wa kwanza na wa mwisho ni nyutroni 6 juu ya 100, yaani asilimia 6. Ukitaka kuikagua tofauti hiyo kwa usahihi wa sehemu moja kwa mia, lazima upime kwa ukingo wa asilimia 0.06. Kwa kiwango hicho utando si kidogo tena. Fauka ya hayo, viini hivi havina umbo la mpira. Vimerefuka kama yai. Mchora nukta atasemaje hapo?

Haki itendeke hata hivyo. Mwaka 2009 Brown, Derevianko na Flambaum waliipitia upya hoja ya mwaka 1990 wakaonyesha kwamba mashaka ya ndugu hao hayako huru. Nadharia ikikosea utando wa isotopu moja kwa kuuzidisha, huelekea kuukosea wa nduguye kwa upande ule ule, kwa hiyo sehemu kubwa ya makosa hujifuta pia. Mwaka huo huo kundi la Berkeley liliipima iterbiamu na kukuta athari iliyo kubwa takriban mara mia kuliko ya sesiamu. Na mwaka 2019 kundi la Mainz, Ujerumani, lilitoa kipimo cha isotopu zote nne nilizozitaja, kila kimoja kwa ukingo wa takriban asilimia 0.5. Athari iliongezeka kwa takriban asilimia moja kwa kila nyutroni iliyoongezwa, sawa na ilivyotabiriwa. Binafsi naliona tokeo hilo kuwa zuri kuliko mengi yaliyopigiwa debe, kwa sababu lilithibitisha kwa macho jambo tuliloliamini kwa karatasi tu, kwamba nyutroni ndizo wasemaji. Kwa utando lenyewe halikutosha, na waliolitoa hawakudai limetosha.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Tukikosa kujua nyutroni zimekaa wapi, je, tunaweza kuziuliza kwa njia nyingine? Tunaweza, na huko Virginia, Marekani, katika maabara ya Jefferson, wameziuliza. Wanarusha elektroni kwenye risasi-208 na kupima ukiukaji wa pariti katika mtawanyiko wake. Mwaka 2021 walitangaza utando wa femtomita 0.283, kwa ukingo wa 0.071. Femtomita moja ni sehemu moja ya milioni bilioni ya mita, na kiini cha risasi kina nusukipenyo cha takriban femtomita 5.5. Utando huo ulikuwa mnene kupita nadharia nyingi zilivyotarajia. Mwaka uliofuata wakatangaza wa kalsiamu-48, femtomita 0.121, ambao ulikuwa mwembamba. Nadharia inayoukubali wa kwanza hutatizika kuukubali wa pili, na kinyume chake.

Lakini tuangalie mbinu. Huko Jefferson wanaichukua sheria ya kani dhaifu kuwa inajulikana, kisha wanapima kiini. Katika atomu tunakichukua kiini kuwa kinajulikana, kisha tunapima sheria. Kila upande unakopa kwa mwenzake. Mwaka 2017 wanasayansi wa jaribio la COHERENT huko Oak Ridge, Tennessee, walifaulu kuona nyutrino zikigonga viini vizima vya sesiamu na aidini, na haikuchukua muda watafiti wengine wakatumia data hizo kukadiria upana wa nyutroni katika sesiamu. Walipouingiza upana huo katika tokeo la Boulder, thamani ya sheria iliyokuwa imesomwa humo ikasogea. Jaribio lilikuwa lile lile la mwaka 1997. Kilichobadilika ni kiini tulichokiwazia. Kwa maoni yangu, jedwali la matokeo linapaswa kuandika chaji dhaifu ya sesiamu pamoja na upana wa nyutroni uliotumiwa, bega kwa bega, wala si kuuficha upana huo katika sentensi moja ya ukurasa wa mwisho. Bora zaidi, vyote viwili vikadiriwe pamoja, mashaka yao yakionyeshwa yakivutana.

Kuna wanaoliona jambo hili lote kuwa usumbufu: kiini kama vumbi juu ya lenzi. Hao niwakumbushe anapoli. Kundi la Boulder lilipima mistari miwili ya sesiamu, na tofauti ndogo kati ya mistari hiyo, yenye ukingo wa takriban asilimia 14, haikutokana na chaji dhaifu. Ilitokana na mkondo wa sumaku unaojizungusha ndani ya kiini chenyewe kama ungo uliosukwa kwa upande mmoja, mkondo ambao huzushwa na kani dhaifu kati ya protoni na nyutroni. Zel'dovich ndiye aliyeliwazia jambo la namna hiyo miaka ya 1950, na mwaka 1980 Flambaum na Khriplovich wakaeleza jinsi lingeonekana katika atomu nzito. Hadi sasa ni katika sesiamu tu ambamo limeonekana waziwazi, na ukubwa wake haupatani vizuri na vipimo vingine vya kani dhaifu ndani ya viini. Waliokwenda kutafuta sheria walirudi na habari za kiini, tena habari ambazo bado hazijaeleweka.

Huenda baadhi ya wasomaji, na pengine wahadhiri wetu, watauliza mjadala huu unafanya nini katika jarida la Kiswahili. Tumejizoesha kuitetea lugha hii kwa kusema kwamba inaweza kueleza sayansi, kisha tunarudi kuandika juu ya ushairi na isimu. Kuitangaza lugha rasmi, kama Katiba ya mwaka 2010 ilivyofanya, hakutoshi iwapo hakuna anayeitumia kubishana juu ya kipimo cha sesiamu. Nami nimeona katika kuandika kwamba ugumu haukuwa wa istilahi ngeni. Elektroni, nyutroni na isotopu zimeingia bila taabu. Ugumu ulikuwa katika maneno ya nyumbani, ngozi au utando, kiini au nukta, kwa maana hayo ndiyo yanayobeba picha, na picha ndiyo inayobeba kosa.

Wanaotazamia mbele wanaitazama fransiamu. Sesiamu ina elektroni moja ya nje, hivyo hesabu yake ni rahisi kwa kiasi, lakini isotopu yake thabiti ni moja tu. Haina ndugu wa kulinganishwa naye. Iterbiamu ina ndugu wengi thabiti, lakini elektroni zake hutatiza hesabu. Fransiamu imejaliwa yote mawili, elektroni moja ya nje na ukoo mrefu wa isotopu, na ina protoni 87, kwa hiyo athari yake yatarajiwa kuwa kubwa. Ila haina isotopu hata moja inayodumu: iliyo na umri mrefu kuliko zote hupungua nusu kwa muda wa dakika takriban 22. Katika maabara ya TRIUMF huko Vancouver, Kanada, wamejifunza kuzitengeneza atomu hizi na kuzinasa kwa leza kabla hazijaoza. Kipimo kitakapokamilika, kila ndugu wa ukoo huo atahitaji ramani yake ya nyutroni, na ramani hizo hazijachorwa.